Dawa ya Jino Bovu si Koleo Peke Yake

Katika majukwaa yetu ya siasa kuna msemo unaopendwa kupita kiasi: "Dawa ya jino bovu ni kung'oa." Husemwa pale kigogo anapotakiwa ajiuzulu, mwanachama anapofukuzwa chamani au mkataba unapotakiwa kuvunjwa. Umati hupiga makofi, kwa kuwa msemo wenyewe ni mfupi, ni mkali, na unaahidi kwamba maumivu yatakwisha siku hiyohiyo. Leo, ndugu msomaji, nakuomba tuuondoe msemo huo jukwaani na kuurudisha ulikotoka: kwenye jino lenyewe, taya lenyewe na binadamu mwenye taya hilo. Nafanya hivyo kwa sababu nchini kwetu msemo huo umevuka mipaka ya mafumbo ya wanasiasa. Umekuwa sera ya afya ya kinywa, sera isiyoandikwa popote na inayotekelezwa kila mahali.

Hoja yangu ni hii. Kumng'oa mtu jino pasi na kumweleza yatakayoufika mfupa wa taya lake, wala njia zilizopo za kuuhifadhi mfupa huo, ni kumfanyia uamuzi wa maisha yake yote bila ridhaa yake. Na maadamu wanaofanyiwa hivyo ni wale wasio na fedha za kwenda kwingine, uamuzi huo si wa kitabibu tu. Ni uamuzi wa kisiasa, hata kama unafanywa na mtu aliyevaa koti jeupe na mwenye nia njema kabisa.

Mimi si daktari wa meno. Shahada yangu ya uzamivu ni ya sayansi ya jamii. Lakini sera ya afya haijawahi kuwa mali ya matabibu peke yao, kama vile vita visivyo mali ya majenerali peke yao. Anayelipa kodi, anayekaa kwenye benchi la kusubiri na anayerudi nyumbani na pengo ana haki ya kuuliza.

Tuanze na kile ambacho mgonjwa haambiwi. Wengi wetu tunaamini kwamba jino likishatoka na ufizi ukafunga, habari imekwisha. La hasha, ndiyo kwanza inaanza. Mfupa unaolishika jino uko pale kwa ajili ya jino. Kila tunapotafuna, jino huusukuma mfupa kupitia nyuzi ndogo zinazoliunganisha nao, na kwa msukumo huo mwili hujua kwamba mfupa huo bado una kazi. Jino likiondoka, kazi huondoka nalo, na mwili huanza kuuvunja mfupa usio na shughuli. Ukuta wa nje, ule unaoelekea mdomoni na shavuni, ndio hutangulia kubomoka kwa sababu ni mwembamba. Kwenye meno ya mbele unene wake aghalabu haufiki hata milimita 1.

Watafiti wamelipima jambo hili kwa makini. Mwaka 2003 Lars Schropp na wenzake wa Denmark walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa 46 kwa mwaka mzima baada ya kung'olewa jino. Upana wa mfupa mahali pa pengo ulipungua kwa takriban nusu katika miezi 12, na theluthi mbili za upungufu huo zilitokea katika miezi 3 ya mwanzo. Mapitio ya tafiti mbalimbali yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kwamba ndani ya miezi 6 upana hupungua kwa asilimia 29 hadi 63, na kimo kwa asilimia 11 hadi 22. Na kabla ya hao wote, mwaka 1972, Antje Tallgren alitoa utafiti uliochukua miaka 25 juu ya watu wasio na meno kabisa wanaovaa meno ya bandia. Alionyesha kwamba mfupa huendelea kuyeyuka mwaka hata mwaka, na kwamba taya la chini hupoteza takriban mara 4 ya kile kinachopotezwa na taya la juu.

Tarakimu hizo zina sura za watu. Zina sura ya bibi ambaye meno yake ya bandia ya chini huelea kila anapofungua kinywa, hata akaamua kuyaacha kikombeni na kula uji. Mashavu yamebonyea, kidevu kimekaribia pua, maneno yanapita na upepo, naye amejitenga na ngoma na harusi kwa sababu anaona haya kucheka. Wajukuu husema ni uzee. Uzee una sehemu yake, lakini sehemu kubwa ya hali hiyo ni mfupa uliokwenda polepole baada ya kila jino lililong'olewa, na hakuna hata siku moja aliyoambiwa kwamba utakwenda. Lugha yetu ina neno kwa mtu wa namna hiyo, kibogoyo, na tunalitamka kwa kicheko. Tungelitamka kwa aibu ya kitaifa, labda tungefika mbali zaidi.

Wahenga walituachia methali isemayo, "Jino la pembe si dawa ya pengo." Waliona kwamba kitu cha kuigiza hakikai mahali pa kitu halisi. Utabibu wa kisasa umeithibitisha methali hiyo kwa njia ambayo wahenga wasingeitarajia. Leo mtu anaweza kuwekewa jino juu ya msumari wa titani unaopandikizwa tayani, kazi iliyoasisiwa na Msweden Per-Ingvar Brånemark aliyemtibu mgonjwa wake wa kwanza mwaka 1965. Lakini hata titani inahitaji mfupa wa kuishika. Pasipo mfupa, tajiri na maskini huwa sawa, isipokuwa tajiri anaweza kununua upasuaji mwingine wa kutoa mfupa kidevuni au nyongani na kuuhamishia kwenye taya.

Hapa ndipo inapoingia elimu ya kuhifadhi mfupa kwa malighafi ya kutengenezwa. Kwa maelezo mepesi, daktari hung'oa jino kwa upole bila kuuvunja ukuta wa mfupa, husafisha tundu, kisha hulijaza chembechembe za madini yanayofanana na yale ya mfupa wenyewe. Baadaye hulifunika kwa utando au hushona ufizi, na kusubiri miezi kadhaa. Chembechembe hizo huwa kama jukwaa la mafundi ujenzi: seli za mwili hupanda juu yake na kujenga mfupa mpya. Zipo zinazoyeyuka na kuuachia mfupa nafasi, kama vile trikalsiamu fosfeti, na zipo zinazodumu muda mrefu, kama vile haidroksiapataiti. Ni ile hekima ya usipoziba ufa utajenga ukuta, ila safari hii ufa na ukuta vyote vimo kinywani.

Wapo watakaodhani hii ni anasa ya jana iliyobuniwa kwa ajili ya waigizaji wa filamu. Historia inakataa. Mjerumani Dreesmann alijaza mashimo ya mifupa kwa jasi mwaka 1892. Mwaka 1967 Larry Hench, mhandisi wa vifaa wa Chuo Kikuu cha Florida, alikuwa ndani ya basi akielekea mkutanoni, akaketi na kanali wa jeshi la Marekani aliyerudi kutoka Vietnam. Kanali alimuuliza iwapo angeweza kutengeneza kitu ambacho mwili wa askari aliyejeruhiwa hautakikataa. Miaka miwili baadaye Hench alipata kioo kinachoshikamana na mfupa. Viungo vyake kwa asili si vya ajabu: silika, ambayo ndiyo mchanga, pamoja na sodiamu, chokaa na fosforasi.

Mwaka 1988 vipande vidogo vya kioo hicho, vyenye umbo la koni, vilianza kuuzwa Marekani ili vichomekwe katika tundu la jino mara tu baada ya kung'olewa. Zingatia lengo lake. Vilikusudiwa kulinda tuta la mfupa ili meno ya bandia ya kawaida, yale ya kuvaa na kuvua, yapate mahali pa kukaa. Yaani sayansi hii, katika moja ya matumizi yake ya mwanzo kabisa, ilimlenga kibogoyo. Ilimwona bibi wa kikombe na uji. Sisi tuliipokea ikiwa imekwisha kugeuzwa bidhaa ya wenye nazo, tukaamini kwamba ndivyo ilivyozaliwa.

Kuna jambo jingine linalohusu jamii yetu moja kwa moja. Malighafi ya kujazia tundu la jino si ya aina moja kwa asili yake. Ipo itokanayo na mifupa ya marehemu waliojitolea, ipo ya ng'ombe, ipo ya nguruwe, na ipo iliyotengenezwa maabara isiyo na asili ya mtu wala mnyama. Katika nchi ambayo watu huuliza nani aliyechinja kabla ya kula nyama, je, inafaa mtu awekewe mfupa wa mnyama tayani bila kuambiwa ni wa mnyama gani? Mwislamu wa Tanga, Mhindu wa Upanga na Msabato wa Musoma wote wana haki ya kulijua hilo kabla ya sindano ya ganzi. Malighafi ya kutengenezwa huondoa utata huo, lakini haiondoi wajibu wa kusema.

Sasa, nisije nikaeleweka vibaya nikageuzwa wakala wa mauzo. Katika suala hili zipo kambi mbili, nami nagombana na zote mbili. Kambi ya kwanza ni ya koleo: inang'oa, inampa mgonjwa pamba aing'ate, na kuita, "Anayefuata!" Kambi ya pili ni ya kliniki za kibiashara mijini, ambako kila tundu la jino limekuwa mgodi. Huko mgonjwa huambiwa kwamba asipojaziwa mfupa leo uso wake utaporomoka, kisha hukabidhiwa ankara. Kambi ya kwanza humnyima mgonjwa taarifa, na ya pili humlisha hofu. Zote mbili zinakubaliana katika jambo moja, nalo ni kwamba mgonjwa si mtu wa kufikiri.

Ukweli una pande zake. Mapitio ya Cochrane yaliyohuishwa mwaka 2021 yalisema wazi kwamba ushahidi uliopo bado ni dhaifu. Kujaza tundu huenda kukapunguza upotevu wa mfupa kwa wastani wa milimita 1 na kidogo kwa upana na kwa kimo, wala hakuna ushahidi wa kutosha wa kuitangaza malighafi moja kuwa bora kuliko nyingine. Milimita 1 si kitu kwa mpima shamba, ilhali ni kitu kikubwa kwenye ukuta usiofika milimita 1. Kwa mtu anayetarajia kupandikiziwa jino la mbele, inaweza kuamua kama atahitaji upasuaji mwingine. Kwa mtu aliyeng'olewa gego la mwisho asilokusudia kulirudisha, kumuuzia chembechembe hizo ni kumwibia kwa risiti. Kwa hiyo sidai kila tundu lijazwe. Ninachodai ni kwamba kila mgonjwa aelezwe, kisha achague.

Na kuchagua kuna saa yake, jambo ambalo ndilo kiini cha uchungu wangu. Rudi kwenye tarakimu za Schropp: theluthi mbili za hasara hutokea katika miezi 3. Maana yake ni kwamba mlango wa kuchagua hufunguka siku ya kung'olewa na kuanza kufungwa siku hiyohiyo. Mgonjwa akija kuelezwa mwaka ujao, ameelezwa habari ya treni iliyokwisha kuondoka. Katika haki nyingi, kucheleweshwa kunaumiza. Katika hii, kucheleweshwa ni kunyimwa.

Natarajia pingamizi tatu. Ya kwanza itasema, "Nchi yenye malaria na vifo vya wajawazito haina nafasi ya kujadili mfupa wa taya." Nami nauliza: maelezo ya dakika tano yanagharimu dawa ngapi za malaria? Kung'oa kwa upole bila kuvunja ukuta wa mfupa kunahitaji bajeti gani zaidi ya mafunzo na subira? Kauli ya "hatuna fedha" imekuwa blanketi la kufunika hata mambo yasiyohitaji fedha. Isitoshe, kinywa si kiungo cha nchi nyingine. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 kwamba magonjwa ya kinywa yanawagusa karibu watu bilioni 3.5, na mawaziri wa afya wa nchi wanachama, wetu wakiwemo, walikuwa wamekwisha kupitisha azimio la afya ya kinywa katika mkutano wao mkuu wa mwaka 2021. Tunasaini ugenini mambo tunayoyaita anasa tukirudi nyumbani.

Pingamizi ya pili itawalaumu wagonjwa: "Wanakuja wakiwa wamechelewa, jino limeoza mpaka mzizi." Ni kweli wanachelewa. Lakini mtu anayejua kwamba hospitalini kuna koleo tu, kwa nini awahi? Huwezi kujenga nyumba yenye mlango mmoja kisha ukawashangaa wageni kwa kupita mlango huo. Na hapa kuna kejeli ya historia inayostahili kufundishwa mashuleni. Katikati ya miaka ya 1980, hapahapa Dar es Salaam, Mholanzi Jo Frencken na wenzake katika shule ya udaktari wa meno walianza kuijaribu njia ya kuokoa meno isiyohitaji umeme wala mashine. Uozo hukwanguliwa kwa vyombo vya mkono, kisha tundu huzibwa kwa saruji maalumu inayoshikamana na jino. Njia hiyo, inayojulikana kwa kifupi kama ART, ilitangazwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1994, na leo inatumika katika mabara yote ya dunia inayoendelea. Tanzania iliipa dunia njia ya kuokoa jino la maskini, nayo ikabaki na koleo. Hifadhi bora kuliko zote ya mfupa wa taya ni jino lenyewe likiwa mahali pake, na njia ya kulibakiza tulikuwa nayo mikononi.

Pingamizi ya tatu ni ya kitaalamu: kwamba malighafi hizi hutoka nje na ni ghali. Naam, ni ghali, na hazistahili kusambazwa kila zahanati. Lakini mbona hata zile njia za bei nafuu hatuzitangazi? Mwaka 1978 Crum na Rooney wa Marekani walilinganisha wagonjwa waliong'olewa meno yote ya chini na wale walioachiwa mizizi miwili ya mbele chini ya meno yao ya bandia. Baada ya miaka 5, waliong'olewa yote walikuwa wamepoteza wastani wa milimita 5.2 za kimo cha mfupa wa mbele, na walioachiwa mizizi milimita 0.6 tu. Mizizi miwili tu, iliyotibiwa na kuachwa mahali pake, ilifanya kazi ambayo hakuna chembechembe za dukani zinazoweza kujigamba nayo. Ni wagonjwa wangapi wetu wamewahi kuulizwa kama wangependa kubakiziwa mizizi?

Na juu ya malighafi yenyewe, tujiulize kwa nini iendelee kuja yote kwa ndege. Haidroksiapataiti inaweza kutengenezwa maabara kutokana na chumvi za kalsiamu na fosfeti, na watafiti wa nchi mbalimbali wameipata pia kutokana na mifupa ya ng'ombe, mifupa ya samaki na maganda ya mayai. Sisi ni miongoni mwa nchi zenye ng'ombe wengi zaidi barani Afrika, na fosfeti ya Minjingu tunaisaga kuwa mbolea. Sisemi tuchote mawe ya Minjingu tuyatie vinywani mwa watu. Usafi wa malighafi ya kitabibu ni kazi ngumu yenye viwango vikali. Nasema kwamba vyuo vyetu vina idara za kemia, za uhandisi na za udaktari wa meno zinazotenganishwa na kuta tu, na kuta hizo hazijengwi na umaskini. Zinajengwa na mazoea.

Kwa hiyo nayataka mambo manne, nami nayasema kwa Wizara, kwa mabaraza ya taaluma na kwa wabunge wanaopenda kutaja meno mabovu majukwaani.

Kwanza, fomu ya ridhaa ya kung'oa jino iwe kwa Kiswahili, na ieleze mambo matatu: kama jino linaweza kuokolewa, nini kitaufika mfupa likiondoka, na njia zipi zipo za kuuhifadhi, pamoja na gharama na mipaka yake. Asiyejua kusoma asomewe.

Pili, kitita cha mafao chini ya Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 kimtambue na kumlipa vizuri tabibu anayeziba na kuokoa jino. Mfumo wowote unaofanya kung'oa kuwa njia ya haraka na yenye faida zaidi utavuna mapengo.

Tatu, hospitali za rufaa ziwe na uwezo wa kuhifadhi mfupa kwa wagonjwa wenye sababu ya kitabibu, hasa vijana waliopoteza meno ya mbele kwa ajali za bodaboda na wagonjwa wa uvimbe wa taya. Kwa hao si urembo; ni kurudi kazini na kuongea bila kuziba mdomo kwa kiganja.

Nne, kliniki za binafsi zilazimishwe kutaja maandishini malighafi inayotumika, asili yake na bei yake, kabla ya kazi kuanza. Soko lisilosema ukweli halina haki ya kuitwa huduma.

Katika miaka ya mwanzo ya uhuru tulitangaziwa maadui watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Mtu anayetoka hospitalini na pengo asilojua litamgharimu nini amekutana na wote watatu kwa mpigo mmoja, tena ndani ya jengo lililojengwa kwa kodi yake. Maradhi alikwenda nayo, umaskini ulimchagulia foleni, na ujinga alikabidhiwa mlangoni akitoka. Huo wa mwisho ndio rahisi kuuondoa, maana dawa yake ni maneno. Tabibu aliyekwisha kushika koleo anaweza kuyatamka kabla hajavuta. Tumlazimishe kisheria ayatamke, na nasi tuzoee kumuuliza.